Aldabra: Umbali Haukutosha

Kobe wa Changuu

Mtu akipanda mashua pale Forodhani, mjini Unguja, siku ambayo bahari ni shwari, hachukui muda mrefu kabla ya kukanyaga mchanga wa Changuu, kisiwa ambacho wageni wengi hukijua zaidi kwa gereza lililojengwa juu yake kuliko kwa jina lake la asili. Huko atawakuta kobe wakubwa, wenye magamba mapana kuliko sinia la karamu, wengine wameandikwa hesabu ya miaka yao kwa rangi mgongoni, wakitafuna majani bila ya haraka yoyote. Na akimpapasa mmoja wao chini ya shingo, kobe huyo atainuka polepole juu ya miguu yake minne, ainyooshe shingo yake ndefu iliyojaa mikunjo, kisha atulie vivyo hivyo, macho nusu yamefumba, mpaka mkono uondoke.

Kobe hao si wenyeji wa Unguja. Wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, na nasaba yao hurudi Aldabra, pete ya visiwa vya matumbawe iliyojitenga katika Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 640 kutoka ukingo wa Afrika ulio karibu nayo, kilomita 420 kutoka Bukini, ambayo siku hizi huitwa Madagaska, na zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, makao makuu ya dola inayoimiliki. Wengi wanaoisikia habari ya Aldabra husema kwamba imesalimika kwa sababu iko mbali. Neno hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Umbali uliichelewesha hatari, haukuiondoa. Na kila hatari ilipowasili, aghalabu palihitajiwa watu wa kusimama na kusema hapana kabla jambo halijatendeka.

Mwamba ulioinuka: kabla ya mwaka 1742

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1842, mtaalamu wa Kiingereza Charles Darwin alieleza jinsi visiwa vya namna hii vinavyozaliwa: mlima wa moto husimama katikati ya bahari, kisha huanza kuzama kidogo kidogo kwa uzito wake, na matumbawe yaliyouzunguka, maadamu hayawezi kuishi pasipo mwanga wa jua, hujenga juu ya mifupa ya waliotangulia ili yasiachwe gizani, hata mlima ukaghibu kabisa, ikabaki pete ya mwamba yenye bahari ndogo ndani yake. Pete ya Aldabra ina urefu wa kilomita 34 na upana wa kilomita 14 na nusu. Ila, tofauti na pete nyingi za aina yake ambazo huchungulia tu juu ya mawimbi, mwamba wake umeinuka mita kadhaa, kwa kuwa ulijengwa miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na maji yalipoteremka ukaachwa hewani. Jiwe lake ni ndugu wa lile alijualo kila fundi aliyejenga nyumba ya mawe Lamu au Kilwa, lakini Aldabra halikuchongwa na mkono wa mtu, bali mvua na chumvi zimelitafuna mpaka likaota meno yanayokata soli ya kiatu.

Bahari ya ndani hupumua kwa milango minne mikubwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 3, na maji yote hayo hayana budi kupita katika milango hiyo michache, yakienda kwa kasi ya mto uliofurika. Kisha yakipwa, wangwa mpana hubaki wazi, na vijisiwa vilivyoliwa chini na mawimbi husimama juu ya mashina membamba mfano wa uyoga.

Humo waliumbika viumbe wasioonekana kwingine. Mmoja ni ndege mwenye koo jeupe asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna yake katika visiwa vya bahari hii. Uchunguzi wa mifupa uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mababu zake waliruka kutoka Bukini, wakatua Aldabra, wakasahau kuruka kwa kuwa hapakuwa na adui. Bahari ikapanda, ikakifunika kisiwa chote, wakafa wote. Na maji yalipoteremka, ndugu zao wakaja tena kutoka kule kule, nao wakasahau kuruka kwa mara ya pili.

Jina la Aldabra lilikwisha kuonekana katika ramani za Wareno mwanzoni mwa karne ya 16, na wengi hulirudisha kwenye Kiarabu, katika neno *alkhadhra*, yaani ya kijani. Maelezo hayo humwingia akilini mtu aliyesafiri baharini, kwa maana rangi ya maji ya ndani huakisi chini ya mawingu, hata nahodha akaiona kijani angani kabla hajaiona nchi kavu. Yamkini basi kwamba mabaharia waliokwenda kwa kaskazi na kurudi kwa kusi waliijua ilipo, wakaihesabu miongoni mwa alama za njia. Lakini hapakuwa na mto wala kisima cha kutegemewa, na chombo kisicho na maji ya kunywa hakikai.

Njaa ya mabaharia: 1742 hadi 1874

Mwaka 1742 merikebu mbili za Kifaransa, zilizotumwa kutoka Mauritius na gavana Mahé de La Bourdonnais chini ya nahodha Lazare Picault kuvichungua visiwa vya kaskazini, zilifika Aldabra. Tangu hapo habari zake zikaandikwa, na iliyowavutia wasafiri zaidi ilikuwa ya kobe.

Ili tuufahamu msiba uliofuata, sharti tumkumbuke baharia wa zama zile, aliyekaa miezi baharini na nyama ya chumvi iliyokwisha kuharibika, ufizi wake ukitoka damu kwa kukosa chakula kibichi. Kwake yeye kobe alikuwa ghala litembealo. Alipinduliwa chali, akaburutwa mpaka mashuani, akapangwa ngamani pamoja na wenziwe, na humo akakaa miezi bila ya kula wala kunywa, angali hai, mpaka zamu yake ya kuchinjwa ilipofika. Kutoka kisiwa cha Rodrigues walibebwa kwa maelfu kwenda kulisha Mauritius na vyombo vilivyotia nanga huko. Na kufika katikati ya karne ya 19 kobe wa asili wa Rodrigues, Mauritius na Réunion walikuwa wamekwisha wasibaki hata mmoja, na wale wa visiwa vya kati vya Shelisheli wametoweka porini.

Aldabra ikawa kimbilio la mwisho. Haikuwa kwa huruma ya mtu, bali kwa sababu ilikuwa kando ya njia ya merikebu, mikondo ya milango yake ilitisha, na jiwe lake lilimchosha mtu aliyebeba mzigo kabla hajafika pwani. Huo ndio wakati ambao umbali ulifanya kazi yake sawasawa. Lakini hata wakati huo ulikuwa ukipungua, kwa kuwa vyombo vya mvuke vilikwisha kuanza kupita bahari hii pasipo kungoja upepo.

Barua ya mwaka 1874

Ilipovuma habari kwamba pana watu wanaotaka kuikodi Aldabra ili wakate miti yake, wataalamu wa London walitambua kwamba kukata miti ni kuua kobe, kwa maana kobe asiye na kivuli wakati wa adhuhuri hupikwa ndani ya gamba lake. Basi mwaka 1874 iliandikwa barua kwa gavana wa Mauritius, Sir Arthur Gordon, ikimsihi awahifadhi kobe wa Aldabra kabla hawajafuata njia ya ndugu zao. Na miongoni mwa waliotia sahihi walikuwa Albert Günther, bingwa wa elimu ya kobe, Joseph Hooker wa bustani ya Kew, na Charles Darwin mwenyewe, mzee wa miaka 65, ambaye hakupata kuiona Aldabra kwa macho yake.

Jambo hilo halikuwa la kawaida katika zama zile. Dola za Ulaya zilikuwa zikigawana nchi za watu kwa faida, na hawa walikuwa wakiomba kwamba kipande cha nchi kiachwe kama kilivyo, si kwa sababu kina dhahabu, bali kwa sababu kina kobe. Barua haikuleta sheria iliyo kamili, wala haikuzuia kisiwa kukodishwa baadaye, tangu mwaka 1888, kwa watu waliotafuta riziki ya nazi, samaki na kasa. Lakini ilipanda wazo, na wazo likaota. Mkodishwaji mmoja, James Spurs, mwaka 1891 alikataza kobe wasiuawe, na hesabu yao ikaanza kupanda.

Kasa wa baharini hawakupata bahati hiyo. Usiku wa mbalamwezi, kasa jike alipopanda pwani kufukia mayai yake, alipinduliwa chali. Na aliyebaki majini alifuatwa kwa chusa. Nyama yake ilianikwa, na ute ulio chini ya gamba lake ukasafirishwa hadi Ulaya ukapikwe supu ya matajiri, kwa muda wa miaka mingi, mpaka fukwe zilizokuwa zikijaa nyayo za kasa zikaanza kulala bila ya alama. Mbuzi nao, walioachwa kisiwani na wapitao, waligombania kivuli na majani na kobe.

Mtungi wa hewa: 1943 hadi 1956

Hata hapo binadamu aliijua Aldabra kwa juu tu. Wapiga mbizi wa lulu wa Bahrain na Oman walikuwa wameshuka baharini tangu zamani sana, jiwe mguuni na kibano puani, lakini walishuka kwa pumzi moja, na pumzi moja humpa mtu nafasi ya kuokota, haimpi nafasi ya kutazama.

Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, afisa wa manowari Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza chombo kilichompa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi mgongoni mwake, kwa kadiri ya pumzi yake na ya kina alichopo, hata akaweza kuogelea huru bila ya bomba wala kamba. Miaka michache baadaye Cousteau aliipata Calypso, merikebu iliyokuwa ikiondoa mabomu baharini wakati wa vita, na mwaka 1954 ikafika katika maji ya Aldabra na ya jirani yake, kisiwa cha Assumption.

Walichokiona kinaonekana hata leo na mtu aliyepata ruhusa ya kufika kwa chombo, akashuka mlangoni wakati maji yanaanza kujaa. Mzamiaji haogelei, mkondo wenyewe humchukua kama jani, na ukuta wa mwamba hupita kando yake, matumbawe ya pembe na ya meza, kundi la kolekole likigeuka kwa pamoja kama upanga juani, papa akivuka chini bila ya kumjali. Na pengine chewa mkubwa mwenye madoa, ambaye hajapata kuijua ndoana, humkaribia mpaka uso kwa uso, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Mvuvi wetu mzee, aliyezoea chewa anayekimbilia pangoni aonapo kivuli cha ngalawa, angestaajabu kuliko mtu yeyote. Angejua kwamba hivi ndivyo samaki alivyo kabla hajafunzwa kuogopa.

Filamu waliyoitengeneza Cousteau na mwenziwe Louis Malle kutokana na safari hizo ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, na kwa mara ya kwanza wengi wa watu wa mijini, waliokuwa hawajalowesha hata kifundo cha mguu baharini, waliuona ulimwengu ule kwa rangi zake. Lakini katika filamu hiyo hiyo wasafiri wanaonekana wakilipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki waliomo, na mmoja wao ameketi juu ya mgongo wa kobe. Sisi watu wa pwani hii tunaijua baruti. Tunajua kwamba mlipuko mmoja hugeuza kokoto mwamba uliojengwa kwa mamia ya miaka. Tanzania iliikataza kwa sheria tangu mwaka 1970, na bado kwa miaka mingi mishindo yake ikasikika alfajiri. Cousteau mwenyewe baadaye aligeuka mtetezi mkubwa wa bahari, nalo ni jambo la kumsifu. Funzo linabaki kwamba kukipenda kitu na kukidhuru huweza kutoka katika mkono mmoja, mtu asipojizuia.

Uwanja wa ndege usiojengwa: 1965 hadi 1967

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza iliitenga Aldabra na Shelisheli, ikaiunganisha na visiwa vya Chagos, Farquhar na Desroches katika koloni jipya lililokusudiwa mambo ya vita. Tadbiri yenyewe ilikuwa kujenga uwanja wa ndege wa jeshi juu ya Aldabra, kuuziba mlango mkuu kwa boma la kupitia magari, na kuifanya bahari ya ndani bandari. Makundi makubwa ya ndege wa baharini wenye mikia ya panda, ambao madume yao huvimbisha makoo mekundu wakati wa kutafuta majike, yangelazimika kuondoshwa, kwa maana ndege wa manyoya na ndege wa chuma hawashiriki anga moja.

Ule umbali uliokuwa ngao sasa uligeuka sababu. Kisiwa kilichaguliwa kwa ajili ya kuwa mbali na macho ya watu.

Kijana mmoja mtaalamu wa jiografia wa Cambridge, David Stoddart, alikwenda na wapimaji mwaka 1966, akarudi na habari iliyowaamsha wenzake. Chuo cha wataalamu cha Royal Society kilipinga waziwazi, wataalamu wa Marekani wakaungana nacho, na katika bunge la London mjumbe Tam Dalyell akawakalia mawaziri kwa maswali, siku baada ya siku, kuhusu gharama, ndege na kobe. Serikali haikukubali kushindwa kwa hoja. Lakini hoja ziliichelewesha, na kabla ujenzi haujaanza, Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya fedha yake, ikabidi kupunguza matumizi, na katika siku hizo hizo mpango wa Aldabra ukafutwa. Mwenye insafu atasema ilikuwa bahati. Ni kweli, ila bahati ilimkuta mtu aliyekwisha kuushika mlango.

Historia hii haitakuwa ya haki ikiishia hapo. Mipango ya kambi iliishia Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, na wakazi wake, wengi wao wazao wa watumwa kutoka Afrika na Bukini, waliondolewa wote kati ya mwaka 1968 na 1973, wakaachwa Mauritius na Shelisheli bila ya nyumba wala kazi. Kobe walipata mawakili bungeni. Watu hawa hawakupata kwa kiasi hicho. Anayeisifu Aldabra sharti awataje na wao, maana ulinzi wa viumbe usiomjali mwanadamu una kasoro katika moyo wake.

Wakfu: 1968 hadi 1982

Mambo mema yalifuatana kwa haraka. Uvuvi wa kasa Aldabra ulikatazwa mwaka 1968. Kituo cha utafiti kikafunguliwa mwaka 1971. Shelisheli ikapata uhuru tarehe 29 Juni 1976, na Aldabra ikarudishwa kwa wenyewe. Mwaka 1979 dola hiyo changa, yenye watu wachache kuliko mji mmoja wa kadiri katika nchi zetu, iliunda wakfu wa kuitunza, na mwaka 1982 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia.

Uendeshaji wake una hekima inayostahili kuigwa. Aldabra haina uwanja wa ndege wala hoteli, na wageni wake ni wachache mno kuweza kuilipia. Kwa hiyo ada za watalii waendao kuutazama msitu wa minazi ya ajabu wa Vallée de Mai, kisiwani Praslin, ulio chini ya wakfu huo huo, ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama zake. Msitu ulio karibu humlisha mwamba ulio mbali. Leo kobe wa Aldabra hukadiriwa kuwa 100,000 hivi. Yule ndege asiyeruka alirudishwa mwaka 1999 katika Picard, kisiwa kimoja cha pete hiyo, alikokuwa ametoweka. Mbuzi wa mwisho waliondolewa mwaka 2012. Na kasa wanaopanda kutaga wameongezeka mara kadhaa kuliko wakati chusa kilipowekwa chini.

Adui asiyetia nanga: 1998 hadi leo

Hatari iliyofuata haikuja na merikebu. Tumbawe ni mnyama mdogo anayekaribisha ndani ya mwili wake mimea midogo kuliko vumbi, naye huishi kwa chakula inachokitengeneza kwa jua. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, mapatano hayo huvunjika, mimea hutoka, na tumbawe hubaki jeupe, hai bado lakini lina njaa. Ndivyo ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, na tena mwaka 2016, ambapo miamba ya nje ya Aldabra ilipoteza kiasi cha nusu ya matumbawe yake yaliyo hai. Hapakuwa na baruti, wala nyavu, wala nanga. Moshi wa miji isiyopata kulisikia jina la Aldabra ulitosha.

Na mwaka 2019 vijana 12 wa kujitolea, kutoka Shelisheli na kutoka chuo cha Oxford, walikaa majuma matano juu ya mwamba ule wenye meno wakikusanya taka zilizoletwa na mawimbi. Waliondoa tani 25. Wakakadiria kwamba zimebaki zaidi ya tani 500, nyingi kwa uzito zikiwa zana za uvuvi wa bahari kuu, nyavu na kamba zilizojifunga miambani, na pamoja nazo kandambili 360,000 hivi. Kobe na kasa hupita katikati yake. Katika pwani isiyo na mkazi wa kudumu ila walinzi na watafiti wachache, zimelala kandambili za mji mzima.

Hapo ndipo tunaporudi Changuu. Wale kobe wanne wa mwaka 1919 walizaana, hata mwaka 1955 wakafika 200. Kisha wakaibwa mmoja mmoja, wakauzwa, na mwaka 1996 wakabaki 7 tu, mbele ya macho ya mji wenye maelfu ya watu. Ndipo likajengwa ua, wakaletwa wengine, wakawekwa walinzi. Waliokuwa karibu walikaribia kwisha kwa kukosa mlinzi, na wale wa mbali walibaki kwa kuwa naye. Basi si umbali, wala si ukaribu, uliohukumu.

Mgeni wa Changuu anaporudi mashuani jioni, maji yakiwa magotini, huvua kandambili zake na kuzishika mkononi. Azishike vizuri.